Barua kwa mwanangu kuhusu picha za Lamu ya zamani

Mwanangu mpendwa,

Assalaam alaikum. Umeniuliza kutoka Doha kwa nini kila ukitoka zamu ya usiku unafungua lile kundi la picha za Lamu ya zamani katika Facebook, ukafurahi mwanzoni na kisha ukalala na moyo mzito, na kama ni bora ujitoe kabisa. Sioni haja ya kujitoa, ila zitazame kwa namna nyingine.

Kukumbuka kwenu si maradhi, ingawa mwaka 1688 Johannes Hofer, mwanafunzi wa udaktari huko Basel, aliiandikia hali hiyo tasnifu nzima akiihesabu kuwa ugonjwa wa watu walio mbali na kwao. Wanasaikolojia Tim Wildschut, Constantine Sedikides na wenzao, katika utafiti walioutoa mwaka 2006, walikuta kwamba upweke na huzuni ndivyo vinavyoichochea mara nyingi, na kwamba mtu akishakumbuka hujihisi yu karibu zaidi na watu wake. Kwa hiyo furaha yako ya mwanzo ni ya haki. Lakini katika majaribio ya namna hiyo mtu huombwa akumbuke tukio lake mwenyewe analolithamini. David Newman na wenzake walipowafuatilia watu katika siku zao za kawaida, katika utafiti uliotoka mwaka 2020, waliona kumbukumbu hizo zinachanganyika na huzuni zaidi. Simu nayo haikuulizi unataka kukumbuka nini.

Chukua ile picha ya gati uliyonitumia: boriti za mikoko zimerundikwa hadi ukingoni, jahazi limeshusha tanga, na mzee mwenye kikoi amempa mgongo mpiga picha. Chini yake mtu ameandika kwamba enzi hizo watu walipendana, na wengine wakaitikia mmoja baada ya mwingine, wakiwamo, nina hakika, ambao hawakuwa wamezaliwa. Mimi nilikuwepo. Mapenzi yalikuwapo na fitina zilikuwapo, mitaro ilinuka, na mgonjwa mahututi alisubiri maji yajae ndipo apakiwe mashua kwenda Mokowe, ng'ambo ya bara. Picha haitoi harufu. Ukisoma maoni yale kwa muda mrefu huwi tena unayakumbuka maisha yako, bali unakilinganisha chumba chako cha kupanga na mji usio na dhiki ambao haujapata kuwapo, na hapo ndipo moyo unapozama.

Yale ambayo Facebook yenyewe imekuwa ikiyarudisha tangu mwaka 2015, uliyoyaweka tarehe kama ya leo miaka ya nyuma, ni shauri jingine, kwa kuwa mashine haijui nani amefariki. Ikiwa picha za marehemu bibi yako zinakujia ghafla kazini, ingia katika mipangilio ufiche jina lake au tarehe ile. Mama yako ndiye aliyenionyesha, maana mimi na vitufe hatuelewani.

Usizitazame picha hizo ukiwa umechoka, na picha ikikugusa, mpigie mtu aliye ndani ya habari ile badala ya kushuka kwenye maoni. Yule mzee wa kikoi, shangazi yako wa Langoni anasema anamjua na ana kisa chake kirefu. Mpigie Ijumaa baada ya sala, kwa nambari ileile aliyokutumia salamu za Idi.

Mimi baba yako.