Kaunti haijanilipa, naweza kutuma dalali?

SWALI: Asalaam aleikum wakili. Mie ni seremala, niko Likoni. Mwaka juzi nilipeleka madawati na makabati kwa kaunti moja huku Pwani, LPO, ile karatasi yao ya kuagiza bidhaa, ninayo, delivari wakasaini, na mpaka leo ni njoo kesho njoo kesho. Mbao zenyewe nilikopa. Watu wa maskani wananambia kaunti imefilisika, ati nikishinda kesi nitume dalali abebe magari yao. Ni kweli?

JIBU: Waaleikum salaam ndugu yangu. Kushtaki shtaki, lakini dalali msahau. Sheria ya Kenya ya kesi dhidi ya serikali, kifungu cha 21, inakataza kabisa kukamata mali ya serikali kwa deni, na kaunti imo humo humo. Ukifikiria kidogo utaona sababu, leo wewe ubebe ambulensi, kesho mwenye kokoto abebe jenereta ya hospitali, tutatibiwa na nani? Shida ni kuwa wakubwa nao wamejua kujificha nyuma ya kifungu hicho hicho.

Kwa hivo njia ni hii. Ukishinda, wakili wako anachukua korti cheti cha amri ya malipo, anawapelekea kaunti. Wakinyamaza unarudi Mahakama Kuu kuomba mandamusi, yani amri ya kumlazimisha afisa mhasibu, yule mwenye kuidhinisha malipo, atimize kazi yake alipe. Hapo sasa anayebanwa ni yeye, si jengo, na akipuuza anashtakiwa kwa kudharau korti na anaweza kufungwa, na nimeona faili iliyolala miaka ikiamka wiki moja tu baada ya mtu kusikia neno jela.

Hilo la kufilisika, hapa kwetu hakuna. Marekani ndio wana sheria hiyo, Sura ya 9, mji wa Detroit uliitumia 2013 na madeni ya kama dola bilioni 18, na wastaafu wakakatwa pensheni. Kwetu Katiba inasema mengine: kifungu cha 225 kinamruhusu waziri wa fedha wa taifa kusimamisha pesa za kaunti inayokiuka sheria vibaya, lakini isizidi nusu na isizidi siku 60, na Bunge la Taifa na Seneti zikubali ndani ya siku 30. Sasa nambie, pesa zikishasimamishwa, wewe wa madawati utalipwa na nini? Mie hiyo adhabu sijawahi kuielewa. Kuna pia kifungu cha 190, serikali kuu inaweza kuingilia kaunti ikishindwa kuendesha fedha zake, na cha 192 cha kuivunja, ambacho ni kigumu, kaunti ya Makueni tume ilipendekeza ivunjwe na 2015 Rais Uhuru akakataa. Hata ikivunjwa deni lako halifi.

Usikae sana lakini. Kesi ya mkataba na serikali ina miaka 3 tu, na wewe mwaka juzi huo ushakula sehemu kubwa. Andika barua ya madai wiki hii, ipigwe muhuri wa kupokewa, uulize pia kama jina lako limo kwenye orodha yao ya madeni, maana wengine hawamo kabisa na wanangoja tu. Na LPO orijino usimwachie mtu ofisini hata akuapie, mpe kopi.