Jumamosi moja Córdoba, itanitosha?

SWALI: Dada shikamoo. Niko Sevilla, huku Hispania, kwa semista moja, hela yote inaishia kwenye kodi na tortilla, ambayo kwa kweli ni chipsi mayai bila kachumbari. Nimebakiwa na Jumamosi moja kabla ya mitihani, nataka kwenda Córdoba kuuona ule msikiti wa zamani. Wenzangu wanasema siku moja haitoshi. Na je naweza kuswali mule ndani?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, inatosha, ila uamke. Treni ya mwendokasi ni kama dakika 45, basi ni bei nafuu ila linakula kama masaa mawili. Pambana uwahi, maana Jumatatu mpaka Jumamosi kuanzia saa mbili na nusu asubuhi hadi saa tatu na nusu kuingia Mezquita, ndo huo msikiti wako, huwa ni bure, mi sikujua nikafika saa nne nikalipa na roho inaniuma mpaka leo.

Ukiingia usikimbilie mihrabu, wengi ndo wanapokosea. Simama kwenye nguzo. Ziko zaidi ya 850 na ukizichunguza hazifanani, hii ya pinki ile ya kijivu, kwa sababu Abd al-Rahman wa Kwanza, amiri Mwislamu aliyetawala huko, alipoanza kujenga mwaka 785 mafundi waliokoteza nguzo za majengo ya Kirumi, sasa zilikuwa fupi, paa lingewakalia kichwani, ndo wakabebanisha matao mawili mawili, tofali jekundu jiwe jeupe, tofali jiwe, mpaka macho yanazunguka. Mara paap, kanisa kuu limechomekwa katikati! Hilo walianza kulijenga 1523. Kwa hiyo kuswali hapana mdogo wangu, walinzi watakuja juu, piga dua kimoyomoyo.

Mchana zunguka vichochoro vya Judería, mtaa wa zamani wa Wayahudi, halafu kula salmorejo, ni nyanya na mkate vimesagwa na kitunguu saumu na mafuta ya zeituni, inaliwa ya baridi. Wanaimwagia vipande vya nguruwe juu, so mwambie mhudumu mapema "sin jamón". Jioni nenda daraja la Kirumi.

Na tega masikio, Waarabu walituachia maneno sisi na wao. Zafarani wanaita azafrán, na meya wao ni alcalde, ambaye ni kadhi huyu huyu wetu. Mi niliagiza chai mgahawani, mzee akaniuliza "azúcar?", nikajisahau nikamjibu "sukari vijiko viwili", akatia viwili.