Kilomita Mia Zangu Zilikuwa 89

Juzi msomaji mmoja wa Nzuguni kaniandikia: "Kaka, kompyuta ya baiskeli yangu inasoma spidi kubwa kuliko bodaboda ninayoongozana nayo. Nifanyeje?" Nilicheka, kisha nikanyamaza. Donda langu bado bichi.

Mwaka jana nilitoka mjini alfajiri kwa barabara ya Singida, kwenda na kurudi. Upepo wa Dodoma mnaujua: wakati wa kurudi unakupiga kifuani, vumbi hadi kwenye meno. Nilipokaribia Nala, kidude changu, hiyo kompyuta ya baiskeli, kikasoma kilomita 100. Mia yangu ya kwanza! Nikapiga picha, nikairusha kwenye grupu, pongezi zikamiminika. Niliyeendesha naye, kijana mpole asiye na makuu, akaweka picha ya simu yake: 89. Hakuandika neno. Wapo wanaoniita "Mia" hadi leo.

Kumbe fundi aliyenifungia aliacha namba ya gurudumu la inchi 29, milimita 2288, na langu ni la 26. Kidude hakijui umbali. Kinahesabu sumaku ya kwenye spoku imepita mbele ya sensa mara ngapi, kisha kinazidisha kwa mzingo wa tairi ulioingizwa, yaani umbali ambao tairi inasogea kwa mzunguko mmoja. Basi.

Sasa sikiliza jinsi ya kupata mzingo wako wa kweli. Jaza upepo kama siku zote. Vavu ikae chini kabisa, chora alama ya chaki sakafuni. Panda, mtu akushikilie, usogee mizunguko mitatu bila kupinda, chora tena, pima, gawa kwa tatu. Mimi nilipata sentimita 611, yaani milimita 2037 kwa mzunguko. Kijitabu cha kidude kilisema 2050 kwa tairi yangu ya 26 kwa 1.95, lakini kijitabu hakijui uzito wangu wala ugali ninaokula. Kwa hiyo pima ukiwa umekaa. Narudia: ukiwa umekaa!

Na tuache kupenda namba kubwa, ndugu zangu. Mtu ana jezi, helmeti, miwani ya kung'aa, halafu kipande cha chaki kinamshinda? Unamdanganya nani? (Najua, najua. Mimi ndiye Mia.)

Jambo dogo: vidude vingine vikibadilishwa betri vinasahau kila kitu. Yangu nimeiandika kwa maka pen chini ya siti, 2037, na fundi yeyote akitaka kuigusa baiskeli hii namwinamisha kwanza aisome.