Aliyezama hapumui: msimning'inize miguu juu

Ndugu yangu wa Mkokotoni, umeuliza kama aliyeopolewa baharini akiwa hapumui aning'inizwe miguu juu ili maji yatoke. Hapana, tafadhali sana! Kumbinya tumbo nako kunaweza kumtapisha, matapishi yakaingia mapafuni. Anachokosa ni hewa. Mlaze chali hapo hapo mchangani, mwengine akimbilie gari.

Inamisha kichwa chake nyuma, nyanyua kidevu kwa vidole viwili. Ulimi ukirudi nyuma huziba koo. Mbane pua, funika mdomo wake kwa wako, mpulizie pumzi 5, kila moja kama sekunde 1, huku ukitazama kifua kinyanyuke. Hakinyanyuki? Rekebisha kichwa. Bado hapumui, kandamiza katikati ya kifua kwa nguvu mara 30, kisha mpulizie pumzi 2, urudie hivyo hivyo bila kuacha. Akizindukana, hospitali aende vilevile.