"Kisamaki hiki" au "kisamaki huyu"?

SWALI: Mwalimu, natunga maelezo ya picha za baharini kwa jarida la watoto hapa Nairobi. Niliandika, "Kisamaki hiki kinaishi kwenye matumbawe na husafisha samaki wakubwa." Mhariri akageuza ikawa "Kisamaki huyu anaishi…", eti samaki ana uhai. Nani amekosea? Msomaji, Kasarani.

JIBU: Kisarufi, uko sawa. Nomino ikishatiwa katika hali ya udogo huingia ngeli ya KI-VI, iwe ina uhai au haina: kijitu hiki kimefika, kijibwa kile kinabweka. Nadhani mhariri aliponzwa na kiboko, kifaru na kipepeo, ambao hufuata A-WA. Ki- ya hao si ya udogo, ni sehemu ya jina lao. Kiboko na udogo wapi na wapi!

Hata hivyo, sentensi yako nisingeichapisha. Udogo wa Kiswahili haupimi kimo tu, mara nyingi huja na dharau. "Kijitu" si mtu mfupi. Na huyo msafishaji mwenye mstari mweusi ubavuni, anayeonekana hata kwenye miamba ya Watamu, iliyohifadhiwa tangu 1968, hadharauliki. Hafiki sentimita 15, lakini samaki wakubwa humfuata wenyewe, wakaachama ili aingie kinywani kuwadonoa vimelea, kisha atoke salama. Andika: "Samaki huyu mdogo anaishi kwenye matumbawe." Mdogo, si ndogo.

Nalitaja hilo kwa sababu Gikomba kila mtu huuliza, "Samaki hii ni ngapi?" Sokoni sina ugomvi nayo, bei itatajwa tu. Jaridani haifai. Wengine hujitetea kwamba samaki wa sokoni amekwisha kufa, kwa hiyo hastahili A-WA. Basi wasikilize methali: "Samaki mkunje angali mbichi." Huyo naye amekwisha kuvuliwa, na bado ni m-kunje, a-ngali.

Tena A-WA itakufaa ukiendelea na habari zake. Wasafishaji hawa huanza maisha wakiwa majike. Dume wa kundi akifa, jike aliye mkubwa kuliko wenzake hugeuka dume. Wewe utaandika tu "alitaga mayai mwaka jana, sasa analinda kundi", wala hutahitaji kubadilisha kiambishi.