Mwanangu, kuhusu hizo kazi ambazo hukutumwa na mtu

Mwanangu, huku Newala tuko salama, bibi yako magoti tu ndo yanamsumbua na kibaridi hiki. Ile voisi yako nimeisikiliza mpaka mwisho. Unauliza hizi kazi unazochora bila kutumwa na mtu, ile apu ya wakulima wa korosho, ile nembo na pakiti ya korosho za kubangua, na ile apu ya benki ulioichora upya, je uziweke kwenye potifolio, yaani mkusanyo wa kazi zako wa kuwaonyesha watu, au watu wa maofisini watasema unajifanya una wateja wakati huna.

Weka. Wazee wa Kimakonde wanachonga mpingo bila oda ya mtu, mteja anakuja anakikuta kinyago kimesimama, hakuna anaewauliza nani kakutuma. Ila mchongaji haandiki chini ya kinyago kwamba kimeagizwa na Ikulu. Na wewe andika pale juu, kwa herufi za kuonekana, kwamba hii nimeibuni mwenyewe na hakuna kampuni iliyonipa kazi, alafu endelea na habari zako.

Ya benki mi ningeitoa. Inapendeza kweli, lakini baba we hujui kwanini kile kitufe wamekiweka pale, pengine sheria, pengine mfumo wao wa zamani haukubali, utamjibu nini akikuuliza anaejua? Alafu kila kijana anaejifunza dizaini anachora benki. Korosho wewe umekulia juu ya magunia yake.

Sasa hapo kwenye korosho ndo nina maneno. Nimefungua zile skrini, ya kwanza kuna "Habari za asubuhi Mkulima", chini yake grafu ya bei inapanda inashuka, chini tena picha ya mkorosho. Mimi ndo karani wa mizani hapa AMCOS, chama chetu cha ushirika cha wakulima, na sijawahi kuona mkulima anaulizia grafu. Anauliza mzigo wangu umeingia mnada upi na hela imefika wapi. Manake tangu stakabadhi ghalani, ule mfumo wa kuuza mzigo kupitia ghala na mnada, ianze kwenye korosho 2007 safari ya hela ni ndefu, akishapima hapa anapewa karatasi yake, mzigo unaenda ghala kuu unasubiri mnada, siku hizi mnada wenyewe unaendeshwa kwa mtandao na TMX, lile soko la bidhaa la Tanzania, wakulima wakiikubali bei ndo mnunuzi alipe, makato yatoke, kinachobaki kiingie akaunti yake benki. Hapo katikati pote yuko gizani. Na ndo hapo kangomba, yule mnunuzi wa magendo anaepima kwa bakuli, anapomkamata, watu wa mbali wanadhani anaeuza kwa bakuli hajui bei, anaijua vizuri tu, ila mtoto anatakiwa shule Jumatatu na yeye hajui hela yake itaingia lini. Kwa hiyo skrini ya kwanza iwe hiyo, kilo zake, daraja la ubora, mzigo uko wapi saa hii, bei ya mnada, makato moja moja kwa majina yake, kinachobaki basi. Makato usiyafiche ndani ndani, ugomvi wote hapa ofisini unaanziaga hapo. Grafu ipeleke nyuma huko, anaeitaka ataifata.

Alafu zile herufi za kijivu juu ya nyeupe. Wewe mwenyewe uliniambia kuna kanuni, maandishi ya kawaida yatofautiane na rangi ya nyuma yake angalau 4.5 kwa 1, sasa mbona hukuifata? Nilimrushia mjomba wako kwenye simu yake ile yenye kioo kilichopasuka, saa saba mchana tuko nje pale kwenye mizani, akaigeuza geuza, akaikinga na kofia, akaniuliza "hii imezima?" Nilicheka lakini nawe uandike hiyo kwenye potifolio, weka skrini ya zamani na mpya pembeni, useme ulibadilisha nini na kwanini. Anaekuhoji atataka kuona ulivofikiri. Na wengi huku hawana hata hiyo simu, wana simu ndogo za kitochi, *150*00# ya M-Pesa wanaibonyeza bila kuangalia mpaka wanafika kwenye salio, kwa hiyo chora na meseji yenyewe itakavosomeka, herufi 160 tu zinatosha meseji moja, hebu ona kama kilo, bei, makato na salio vinaenea humo. Hiyo kazi ngumu kuliko grafu mwanangu.

Pakiti sasa. Lile bibo jekundu, tunda la mkorosho, na korosho yake inaning'inia chini limetulia, limenipendeza. Lakini umebandika alama ya TBS, shirika la viwango, itoe leo leo, ile wanapewa bidhaa zilizopimwa na korosho yako haipo duniani, mtu akiiona mtandaoni ataamini ipo. Na ile mistari ya bakodi uliookota sijui wapi, namba haianzi hata na 620 ya Tanzania, acha mraba mtupu. Rangi sita za nini? Wakinamama wanaobangua hapa wanatia kwenye vifuko vya plastiki wanabandika karatasi iliyoprintiwa steshenari kwa wino mweusi. Ijaribu nyeusi peke yake, alafu iwe ndogo kama ile duara ya WhatsApp, tuone kama bado ni bibo au imegeuka nyanya.

Mama yako mdogo nimemwonyesha, kikundi chao wanataka lebo. Hela hawana saa hizi, wamesema watakupa korosho. Hiyo sasa ni oda, usikimbilie kuchora, wapigie kwanza, jina la kikundi, uzito wa kifuko, tarehe ya kutengeneza na ya mwisho wa kutumia. Ukimaliza tuma PDF kwenye imeili ya steshenari, usitume picha kwa WhatsApp inatoka na ukungu. Na za kwanza kuprinti utalipia wewe.