Siga ndani ya gari: marashi hayatakuokoa

Jumapili moja nilimpitia mama mkwe kumpeleka kanisani. Usiku wa kuamkia siku hiyo nilikuwa nimevuta siga, ile tumbaku nene ya kuviringishwa, toka Masaki hadi Mbezi Beach, vioo juu, kiyoyozi kinapuliza, raha mustarehe. Asubuhi nikapuliza marashi ya gari karibu nusu kopo. Mama akaketi, akavuta pumzi moja, akaziba pua kwa ncha ya kanga.

"Baba Nuru, humu mlichoma nini?"

Nikasingizia daladala iliyokuwa mbele yetu. Hakunijibu. Alishusha kioo, tukaenda hivyo hivyo hadi kanisani.

Nilidhani harufu iko hewani, kumbe imeshaingia kwenye gari lenyewe. Moshi wa siga una lami na nikotini, na hivyo hugandia kitambaa cha dari, viti, mikanda, hata vioo. Pitisha kitambaa cheupe kwenye kioo cha mbele kwa ndani uone rangi yake. Kisha gari linashinda juani, joto la Dar linaitoa ile harufu upya, na marashi juu yake yanakuwa kama kupaka manukato bila kuoga.

Kiyoyozi ndicho kilichoniponza zaidi. Ukikiweka kizungushe hewa ya ndani, kinaunyonya moshi na kuupitisha kwenye mitambo yake yenye unyevunyevu, halafu kila ukiwasha unarudishiwa. Kwa hiyo weka hewa ya nje. Shusha kioo cha dereva, na cha nyuma upande wa pili ukiache wazi kidogo, moshi upate njia. Siga ishikilie karibu na dirisha. Na usiiwashe kwenye foleni: gari lisipotembea hakuna upepo, na siga si sigara ya dakika tano, inaweza kukupeleka saa nzima. Watoto wakiwemo, hata usiitoe mfukoni.

Kipande kilichobaki nacho kisilale garini. Kikipoa kinanuka kuliko moshi wenyewe. Mimi hubeba kopo la bati lenye mfuniko na maji kidogo, nikifika nalimwaga.

Kama umeshaharibu, kama mimi, anza na vioo na plastiki: maji na siki, kitambaa, rudia mpaka kitambaa kitoke safi. Viti nyunyizia soda ya kuokea, ilale usiku kucha, asubuhi uifyonze. Dari uifute kwa kitambaa kilichokamuliwa vizuri. Fundi mmoja aliimwagia maji dari ya gari langu, gundi ikaachia, dari ikaning'inia kichwani kama chandarua. Halafu badilisha chujio cha kiyoyozi. Kwenye gari langu kiko nyuma ya kidroo cha mbele ya abiria, na nilikitoa mwenyewe bila hata bisibisi. Kilikuwa kimegeuka rangi ya chai ya rangi. Bila kukigusa hicho, kazi yote ya viti ni bure. Mkaa kwenye bakuli chini ya kiti unasaidia, ila taratibu mno.

Siku hizi nikitaka siga nzima naegesha Coco Beach, nafunga milango na vioo, naegemea boneti upepo wa bahari uchukue chake. Shati nalikung'uta kabla ya kuingia, maana nalo hubeba.

Mwezi uliopita mama mkwe alipanda tena. Hakusema neno. Kioo alishusha.